Ken Miles, dereva fundi aliyehangaika na moto wa breki

Msikilizaji, kama umewahi kushuka Mlima Kitonga kwa basi ukitokea Iringa, ile harufu unaijua. Inaanza taratibu, kama mtu anachoma kandambili kuukuu mahali fulani, halafu inajaa ndani ya basi mpaka akina mama wanaanza kufunika watoto pua. Ni breki.

Miaka ile nikisomea utangazaji nilikuwa kwenye basi moja lililolazimika kusimama katikati ya mteremko. Utingo aliruka na mawe akayabana mbele ya tairi, sisi abiria tukashuka, tukaona moshi ukitoka kwenye magurudumu ya nyuma. Mzee mmoja alikuja na dumu lake la maji ili amwagie. Dereva alimzuia kwa ukali. Alimweleza kwamba chuma chenye moto kiasi kile ukikimwagia maji kinapasuka, na kikipasuka hapo hakuna tena safari. Tukakaa kando ya barabara karibu saa nzima, tukisubiri upepo ufanye kazi yake.

Siku ile nimeikumbuka wiki hii nikiandaa habari za mtu ambaye vijana wengi wa gereji wamekuwa wakituomba tumzungumzie, Ken Miles. Wengi wamemjua kupitia filamu ya mwaka 2019 inayoeleza ushindani wa kampuni za Ford na Ferrari. Filamu imezunguka sana, na kwenye vibanda vya video imeonyeshwa mpaka watu wameijua kwa moyo. Lakini filamu ni filamu. Mtu mwenyewe aliishi kweli, akafa kweli, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye shida ileile iliyotukalisha kando ya barabara Kitonga: gari likisimamishwa, ule mwendo wote unageuka kuwa moto, na moto huo lazima upate pa kwenda.

Mtoto wa Sutton Coldfield

Kenneth Henry Jarvis Miles alizaliwa tarehe 1 Novemba 1918 huko Sutton Coldfield, karibu na jiji la Birmingham nchini Uingereza. Siku kumi baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha. Birmingham ulikuwa mji wa viwanda, mji wa chuma na moshi, na kijana aliyependa mashine hakuhitaji kwenda mbali kuzitafuta. Miles aliingia kiwandani akiwa mwanagenzi katika kampuni ya magari ya Wolseley, ambayo ilimpeleka pia shule ya ufundi. Kabla ya vita ya pili alikuwa tayari anashindana kwa pikipiki.

Vita ilipokuja alivaa magwanda. Alitumikia jeshi la Uingereza kwenye vikosi vya vifaru, akafikia cheo cha sajenti, na mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa askari walioingia Normandy, Ufaransa. Kifaru kikikuharibikia vitani hakuna gereji ya kukimbilia. Lazima ujue kusikiliza mashine kabla haijakugomea, na nadhani tabia hiyo alitoka nayo huko.

Baada ya vita alishindana Uingereza kwa magari ya zamani, yakiwemo Bugatti na Alfa Romeo. Hakupata utajiri wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akahamia California, Marekani, pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume. Alipata kazi Los Angeles, kwa wakala aliyekuwa akiuza magari ya Kiingereza aina ya MG, akisimamia idara ya matengenezo.

Hapo ndipo jina lake lilipoanza kusikika. Alichukua vipuri vya MG, akaunda gari lake dogo la mashindano kwa mikono yake, na mwaka 1953 akashinda mbio 14 mfululizo nalo. Gari hilo halikuwa na nguvu nyingi kuliko mengine. Lilikuwa jepesi, na mtu aliyelijenga ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani. Likianza kuvuta upande au pedali ikibadilika chini ya mguu, hakuhitaji kumweleza fundi. Fundi alikuwa yeye.

Watu waliofanya naye kazi wamemweleza kuwa mtu wa maneno makali. Waliokuwa wakimpenda walicheka, wasiompenda walikasirika. Alikuwa na namna ya kuzungumza kwa upande mmoja wa mdomo, na wenzake wakamtania kwa jina la Sidebite. Mbele ya mabosi hakujua kupaka mafuta maneno. Gari likiwa bovu alisema ni bovu, hata kama mwenye gari yuko pale na wageni wake. Tabia hii ilimsaidia kwenye karakana na ikamgharimu kwenye ofisi.

Kwa Shelby

Miles alijaribu kuendesha karakana yake mwenyewe, lakini biashara haikumnyookea. Mwaka 1963 akajiunga na Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyekuwa dereva hodari mpaka moyo wake ulipomlazimisha kuacha. Shelby alikuwa akichukua gari dogo la Kiingereza na kuliwekea injini kubwa ya Ford, na kulibatiza Cobra. Kazi ya Miles ikawa kuendesha, kuvunja, kueleza kilichovunjika na kwa nini, kisha kuendesha tena.

Hapa, msikilizaji, ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu kubadilisha gari ni jambo ambalo vijana wetu wanalipenda na mara nyingi wanalianza upande usio wake. Wanaanza na injini. Gari lililotengenezwa na kiwanda limepangwa kwa mwendo fulani, na breki zake zimepimwa kwa mwendo huo. Ukiongeza nguvu ya injini bila kugusa breki, umeongeza deni ambalo breki ndizo zitakazolilipa.

Tena deni hilo haliongezeki kwa hesabu ya kawaida. Mwendo ukiongezeka mara mbili, moto ambao breki zinatakiwa kuumeza hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, moto ni mara tisa. Ndiyo maana gari ambalo breki zake hazijawahi kukusumbua mjini linaweza kukugeuka mlimani siku moja tu uliyokuwa na haraka.

Breki zikizidiwa na joto, hutokea mambo mawili. La kwanza, pedi zenyewe zinapoteza ukali. Unakanyaga, pedali ni ngumu kabisa, lakini gari halishiki. La pili ni baya zaidi. Joto linapenya hadi kwenye mafuta ya breki, yanachemka, na mapovu yanaingia kwenye mpira. Povu linabanyika, mafuta hayabanyiki. Kwa hiyo pedali inazama hadi sakafuni na hakuna kinachotokea. Madereva wa malori wanaosoma hapa hawahitaji maelezo zaidi.

Mwishoni mwa 1964 na mwanzoni mwa 1965 Shelby alipewa kazi ya kulifanya gari la Ford Mustang liweze kushindana. Mustang lilikuwa gari la watu wa kawaida, la kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Miles alikuwa mmoja wa waliolijaribu na kulirekebisha. Toleo la mashindano, lililoitwa GT350 R, lilitolewa bampa la mbele, na mahali pake pakawekwa uso mpya uliofinyangwa kwa faiba. Uso huo ulikuwa na mdomo mpana katikati, na pembeni matundu mawili. Matundu hayo hayakuwa mapambo. Yalikuwa njia ya hewa kwenda kwenye breki za mbele.

Mwezi Februari 1965 Miles alilipeleka gari hilo kwenye mbio zake za kwanza, Green Valley, Texas, akashinda. Picha iliyopigwa siku ile inalionyesha likiwa limeruka, tairi zote zimeacha ardhi. Wengi wanaitazama picha ile kwa ajili ya kuruka. Mimi sasa nikiitazama macho yananipeleka kwenye yale matundu mawili.

Hewa haitaki kulazimishwa

Kupitisha hewa kwenye breki kunaonekana kazi rahisi. Toboa tundu mbele, weka bomba, elekeza kwenye gurudumu. Kumbe si hivyo.

Breki ya diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinaibana huku na huku. Ukitaka kuiona, tazama pikipiki yenye diski mbele: ile sahani yenye matundu inayong'aa. Diski za magari mazito ni tofauti kidogo. Ni kama sahani mbili zilizobandikwa pamoja zikiachwa na nafasi katikati, na ndani ya nafasi hiyo kuna vijiti au mbavu. Zinapozunguka, zinafanya kazi kama feni. Zinavuta hewa kutoka katikati, karibu na beringi, na kuitupa nje kwenye ukingo.

Kwa hiyo hewa baridi inatakiwa ifikishwe katikati ya diski, upande wa ndani, feni ile iipokee. Ukiipuliza kwenye uso mmoja tu, upande huo unapoa na mwingine unabaki na moto, na chuma kinapinda au kinapasuka. Bomba likikunjwa kwa kona kali, hewa inakwama njiani. Mdomo ukiwekwa mahali ambapo hewa inateleza juu ya bodi badala ya kusukuma, tundu linakuwa la urembo. Na hewa iliyoingia lazima ipate mahali pa kutokea. Ikikosa, inajazana ndani na kukataa hewa nyingine isiingie. Mama anayewasha jiko la mkaa analijua hili bila kufundishwa. Hupepei kutoka juu, unapepea kwenye mlango wa chini, na juu unaacha wazi.

Kisha kuna gharama. Kila tundu unalofungua mbele ya gari ni mkono unaoinyooshea hewa, na hewa inausukuma mkono huo nyuma. Kwenye kilomita 80 kwa saa huwezi kuhisi. Kwenye kilomita 300, kila mdomo unakula mwendo. Fundi wa gari la mashindano anakaa siku zote katikati ya watu wawili wanaomvuta: mmoja anataka matundu makubwa breki zipoe, mwingine anataka yazibwe gari likimbie. Miles alikuwa watu hao wote wawili ndani ya mwili mmoja, kwa sababu ni yeye ambaye angekanyaga mafuta na ni yeye ambaye angekanyaga breki.

Gari lililokuja kutoka Uingereza

Mwaka 1963 Henry Ford wa Pili, mkuu wa kampuni ya Ford, alitaka kuinunua Ferrari ya Italia. Mazungumzo yalifika mbali, kisha Enzo Ferrari akabadilisha mawazo. Ford akaamua kumshinda palepale Ferrari alipokuwa akitamba, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Gari likatengenezwa Uingereza likaitwa GT40, namba 40 ikitokana na kimo chake kwa inchi. Ni kama mita moja tu kutoka ardhini hadi paa. Mtu mzima akisimama kando yake, paa linamfikia kiunoni.

Mwaka 1964 GT40 tatu zilianza Le Mans na hakuna iliyomaliza. Desemba ya mwaka huo magari yakakabidhiwa kwa Shelby, na Miles akaketi ndani.

Timu ile ilifanya jambo ambalo hata fundi wa kijijini anaweza kulielewa. Walibandika vipande vya nyuzi za sufi mwili mzima wa gari, wakaliendesha, wakatazama nyuzi zinaelekea wapi. Uzi ukilala vizuri kuelekea nyuma, hewa inapita salama. Uzi ukicheza ovyo au ukigeuka kutazama mbele, hapo hewa imechanganyikiwa. Walifunga pia vyombo vya kupimia, wakagundua kwamba njia za hewa ndani ya gari zilikuwa zikipoteza nguvu nyingi. Hewa iliingia, lakini haikufika ilikotakiwa. Wakazipanga upya.

Tarehe 28 Februari 1965, chini ya miezi mitatu tangu wapokee magari, Miles na mwenzake Lloyd Ruby walishinda mbio za kilomita 2,000 za Daytona, Florida. Ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa GT40.

Lakini Ford walitaka Le Mans, na kwa Le Mans waliona injini ile haitoshi. Wakachukua injini kubwa ya lita 7, wakaitia kwenye gari hilo. Likaitwa Mk II. Lilikuwa na nguvu ya kutisha, na lilikuwa zito zaidi. Na hapo, msikilizaji, tunarudi palepale kwenye deni.

Barabara ya Le Mans wakati ule ilikuwa na mnyooko mmoja wa karibu kilomita 6 bila kukatizwa. Mk II lilifika mwisho wake likiwa kwenye mwendo unaozidi kilomita 320 kwa saa, na mbele kulikuwa na kona ya kulia ambayo huwezi kuipita zaidi ya kilomita 50 na kitu. Nimejaribu kupiga hesabu mwenyewe. Tuseme gari, mafuta na dereva ni kilo 1,400. Moto unaozalishwa kulitoa gari hilo kilomita 320 hadi 55 unatosha kuchukua lita 16 za maji ya kawaida na kuyafikisha kwenye kuchemka. Karibu ndoo nzima ya maji, kwa sekunde chache, kwenye diski nne. Halafu dakika tatu na nusu baadaye, tena. Usiku na mchana.

Wahandisi wa Ford walipopima, diski za mbele zilikuwa zikifika joto la nyuzi zaidi ya 800. Chuma cha kiwango hicho kinang'aa. Kwenye picha za usiku za mbio za zamani unaweza kuona mviringo mwekundu ndani ya gurudumu, kama kaa la moto.

Na ubaya mwingine ulikuwa huu: kwenye ule mnyooko mrefu breki hazikuwa zikitumika, na hewa ilikuwa ikizipoza sana. Zikifika mwisho zimepoa, zinapigwa moto mkali ghafla, kisha zinapozwa tena. Chuma hakipendi kutendewa hivyo. Kinaota nyufa. Yule mzee wa Kitonga na dumu lake la maji angeelewa mara moja.

Mwaka 1965 Miles alienda Le Mans na Mk II akishirikiana na Bruce McLaren wa New Zealand. Gari lilikufa giaboksi. Magari yote ya Ford yalishindwa kumaliza.

Majira yaliyofuata yakawa ya kazi. Breki zilipelekwa kwenye mashine za majaribio ambako mzunguko mzima wa Le Mans uliigizwa ndani ya jengo, saa baada ya saa, mpaka diski zipasuke. Mk II likapewa diski zenye uwazi wa kupitisha hewa. Juu ya mgongo wa gari, nyuma ya paa, ziliinuliwa pua mbili zinazotazama mbele, za kuvuta hewa safi na kuishusha hadi kwenye breki za nyuma. Ukiona picha ya gari lile utazitambua mara moja, zinafanana na pua za mamba akiwa majini.

Hata hivyo walikubali kwamba hewa peke yake haitamaliza kazi. Phil Remington, fundi aliyeheshimika kuliko wote kwa Shelby, alisaidia kubuni namna ya kubadilisha diski na pedi kwa haraka wakati wa mbio zenyewe, gari likiwa limesimama kwa ajili ya mafuta. Kwa kawaida kutoa diski ni kazi ya kukaa chini na kuagiza chai. Wao waliifanya iwe jambo la dakika. Kwa maoni yangu hili ndilo lililowapa Le Mans, kuliko hata ile injini.

Mwaka wa 1966

Mwaka 1966 Miles alikuwa na umri wa miaka 47, umri ambao madereva wengi wameshastaafu. Februari, yeye na Ruby walishinda Daytona, safari hii mbio zikiwa za saa 24. Machi wakashinda saa 12 za Sebring, baada ya gari la Dan Gurney lililokuwa likiongoza kuzimika karibu na mstari wa mwisho. Ilibaki Le Mans tu. Hakuna dereva aliyewahi kushinda zote tatu kwa mwaka mmoja.

Ford walipeleka Mk II nane. Miles alipangwa na Denny Hulme wa New Zealand. Mzunguko wa kwanza kabisa mlango wake haukufunga vizuri, akalazimika kusimama. Akatoka pale na kuanza kuwapita mmoja mmoja. Usiku ulipita, mvua ikanyesha, Ferrari zikaharibika moja baada ya nyingine. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 19 Juni, Ford tatu zilikuwa mbele na hakuna wa kuzisumbua.

Hapo ofisi ikaingia. Wakuu wa Ford waliona picha nzuri: magari yao matatu yavuke mstari pamoja. Miles, aliyekuwa akiongoza, alitakiwa apunguze mwendo awasubiri wenzake. Alitii. Yule mtu wa maneno makali, asiyejua kunyenyekea, alipunguza mguu akasubiri.

Ila waandaaji walikuwa na kanuni yao. Gari la Bruce McLaren na Chris Amon lilikuwa limeanza nyuma zaidi kwenye safu ya kuanzia, hivyo wakifika pamoja, lenyewe limesafiri mita chache zaidi. Wote walikuwa wamekamilisha mizunguko 360, zaidi ya kilomita 4,800. McLaren na Amon wakatangazwa washindi. Miles na Hulme wakawa wa pili.

Kuna wanaosema wakuu walijua mapema, kuna wanaosema hawakujua. Watu wanabishana hadi leo. Mimi naona lawama ya aliyetoa amri haipungui sana hata kama hakujua. Mtu aliyekuwa amelitengeneza gari lile kwa miezi kumi na minane, akilipanda siku baada ya siku kutafuta ni wapi linachoma na wapi linapasuka, aliombwa aache ushindi kwa ajili ya picha.

Riverside

Miles hakususa. Miezi miwili baadaye alikuwa kazini, Riverside, California, akijaribu gari jipya la Ford lililoitwa J-car. Bodi yake ilikuwa ya karatasi nyembamba za alumini zilizobandikwa kwa gundi juu ya kiini cha matundu matundu, kama sega la nyuki. Lilikuwa jepesi sana, na lilikuwa gari ambalo bado hakuna aliyelijua vizuri.

Tarehe 17 Agosti 1966, baada ya kutwa nzima ya majaribio kwenye joto la jangwa, alifika mwisho wa mnyooko mrefu wenye mteremko, mahali pa kupunguza mwendo. Gari lilipoteza mwelekeo, likapinduka, likavunjika vipande na kuwaka moto. Miles alikufa palepale. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitano, alikuwepo uwanjani.

Sababu haikuthibitishwa kamwe. Yametajwa mengi, breki zikiwemo, lakini gari lilikuwa limeharibika mno kutoa jibu. Kilichofuata kinajulikana. Ford walilitengeneza upya gari lile, umbo likabadilishwa, na ndani ukawekwa mzinga wa mabomba ya chuma kumzunguka dereva, mzito na imara. Likaitwa Mk IV. Juni 1967 Dan Gurney na A. J. Foyt walishinda nalo Le Mans. Katika mbio hizohizo, usiku, Mario Andretti alitoka kubadilishiwa pedi za breki, na alipokanyaga breki kwa mara ya kwanza gurudumu moja la mbele likakamata. Gari likagonga ukuta kwa mwendo mkali na kusambaratika. Andretti alitoka akiwa na mbavu zilizovunjika, akiwa hai, ndani ya ule mzinga wa chuma uliowekwa baada ya Riverside.

Mwaka 2001 jina la Ken Miles liliingizwa kwenye jumba la heshima la mashindano ya magari Marekani, miaka 35 baada ya kifo chake. Magari matatu yaliyovuka mstari pamoja mwaka 1966 yamehifadhiwa hadi leo. Kipindi kijacho tutakuwa na fundi wa malori kutoka hapa mkoani, atajibu maswali yenu kuhusu breki za mlimani. Tuma maswali kwa ujumbe mfupi kama kawaida, na usisahau kutaja unaendesha gari gani na unapita mteremko upi.